Njia ya Mawese

Simu ya kwanza waliniletea usiku, mvua ikipiga bati,
Mwanga, nyuma ya soko, nilipokuwa nafunga.
Sajini Luhende, kofia mkononi, maji yakimchuruzika:
"Mtoto wa Nyamwiza haonekani tangu juzi. Fungua hii."
Hakuwa na karatasi. Sikuuliza karatasi.
Nani angeuliza?

Sikuhitaji hata kompyuta.
Mwenye simu alikuwa amekula migebuka ya mawese
akachora alama yake ya siri kwa kidole kile kile.
Niliinamisha kioo kwenye taa:
njia nyekundu, pembe hadi pembe,
kama nyayo za mtu aliyepita sakafu iliyopigwa deki.
Nikaifuata. Ikafunguka.
Mlango gani mwingine hufunguliwa na mboga ya jana?

Namba moja, iliyopigwa mara moja, saa nane mchana,
ikawapeleka Uvinza, na kabla ya adhuhuri
Nyandwi, miaka sita, alitolewa nyuma ya magunia ya chumvi,
midomo imepasuka, hai.
Hai. Neno hili nalirudia kila ninapotaka kujihukumu.

Lakini simu haina chumba kimoja.
Ukiingia kutafuta mtoto unapita jikoni, unapita chumbani,
unakanyaga kitanda cha mwenye nyumba.
Simu ilikuwa ya Hamenya, mkata tiketi za mabasi.
Alimwazima abiria asiyemjua, dakika mbili, kwa wema tu.
Hilo tulilijua baadaye.
Tulichokijua usiku ule ule ni tarehe zake za kliniki,
majina ya vidonge, na ujumbe kwa dada yake:
*Usimwambie mama.*
Konstebo kijana aliusoma kwa sauti.
Sikucheka.
Sikumnyamazisha pia.

Ijumaa stendi nzima ilijua.
Jumatatu kiti chake kilikaliwa na mwingine.
Wapo wasemao yuko Mpanda, wapo wasemao alivuka ziwa.
Huyu hakuna aliyetoka na tochi kumtafuta.

Leo Sajini karudi. Jua kali, viatu vinang'aa.
Safari hii simu ina kifuniko cha maua:
ya mwalimu Leokadia wa Gungu,
yule aliyesimama kikaoni akauliza
pesa za kisima zimechimba wapi.
"Mambo ya usalama," anasema. "Fungua."
"Hati ya hakimu iko wapi?"
"Siku ile hukuiuliza."

Ulimi ukaniganda.
Maana ni kweli. Siku ile ningeiuliza,
hakimu amelala, mvua, barabara ya Uvinza ilivyo,
ningemwambia nini Nyamwiza, ambaye kila Jumamosi
huniletea kisado cha dagaa na hataki hela?

Najua wanavyosema: asiye na siri haogopi.
Wanaosema hivyo, wote wana komeo chooni.

"Lete muhuri," nikamwambia mwishowe,
"hata saa saba za usiku. Hakimu naye agongewe mlango
kama mlivyonigongea mimi.
Na kiandikwe unachokitafuta,
ili ukikipata, utoke."

Ameondoka. Simu kaiacha mezani,
sijui kwa kusahau au kwa kunijaribu.
Kioo kinatazama dari. Mwalimu naye kala mawese:
njia yake naiona kutoka hapa nilipoketi,
inapinda mara mbili, halafu inashuka.
Sikuifuta, si yangu kuifuta.
Nimeigeuza kifudifudi, nimeifunika kwa kisahani.

Saa kumi na moja. Chai imepoa, hajarudi.
Nanawa mikono kwa sabuni, mara ya tatu,
kisha ndipo naishika simu yangu mwenyewe.